Ukikatiza Katikati, Unabaki na Nini?

Gharama na njia za kusomea mifumo ya taarifa ya kompyuta Tanzania

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, mjadala wa nyumbani huwa mmoja: ada ya chuo hiki ni kiasi gani, na ya kile je? Kwa kijana anayetaka kusomea mifumo ya taarifa ya kompyuta, swali hilo halimfikishi mbali. Ada za vyuo vya umma vinavyofundisha fani hii hazipishani sana. Vinavyopishana ni chumba, chakula, nauli, idadi ya miaka, mkopo, na kitu ambacho hakiandikwi kwenye kipeperushi chochote: kile utakachokuwa umekishika iwapo fedha zitakatika au mtihani utakushinda mwaka wa pili.

Makala haya yanazilinganisha njia tano kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni gharama yote mpaka mwisho wa masomo. Cha pili ni bei ya kukatiza, yaani hasara ya mtu anayelazimika kuacha kabla ya mwisho. Viwango vilivyowekwa rasmi vitatajwa kuwa ni rasmi. Tarakimu nyingine zote ni za mfano, nawe uweke za kwako.

Kwanza, unanunua nini?

Mwanafunzi anayelipa ada siku hizi hapangi foleni na noti mkononi. Anaingia kwenye akaunti yake ya chuo, anatoa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontroo namba, analipa kwa simu, na muda si mrefu deni lake linapungua kwenye kumbukumbu za chuo. Hapo mifumo kadhaa imezungumza: mfumo wa wanafunzi wa chuo, mfumo wa Serikali wa makusanyo uitwao GePG, na mfumo wa benki au kampuni ya simu.

Mtu wa sayansi ya kompyuta akiitazama safari hiyo ya fedha atajiuliza namna ya kuandika programu isiyozidiwa malipo yanapomiminika siku ya mwisho ya usajili. Mtu wa mitandao atajiuliza njia ya mawasiliano ikikatika kutatokea nini. Mtu wa mifumo ya taarifa ana maswali ya namna nyingine. Nani ana ruhusa ya kufuta deni la mwanafunzi? Malipo yakiingia mara mbili, mhasibu atayagunduaje? Ripoti anayoihitaji mkuu wa chuo itoke wapi, na nani asiione? Ndiyo maana masomo yake huchanganya hifadhidata, uchambuzi na usanifu wa mifumo, kuandika programu na misingi ya mitandao, pamoja na uhasibu, usimamizi wa miradi na mwenendo wa taasisi.

Majina ya kozi ni mengi. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya mifumo ya taarifa kando ya sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu. Mzumbe wanaichanganya TEHAMA na uongozi au biashara. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kinafundisha teknolojia ya habari na sayansi ya kompyuta jirani kabisa na uhasibu na benki. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya TEHAMA pale Kijitonyama, na DIT ina historia ndefu ya mafundi sanifu.

Je, jina la kozi lina bei sokoni? Kwa kazi za Serikali, si kubwa kama watu wanavyodhani. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II kwa kawaida hutaja sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, mifumo ya taarifa na uhandisi wa kompyuta kwa pamoja, kisha huongeza maneno "au fani zinazolingana". Urefu wa kozi ndio wenye bei kubwa zaidi. Shahada nyingi za mifumo ya taarifa ni za miaka mitatu, na zile za uhandisi, kama Uhandisi wa Kompyuta na Teknolojia ya Habari ya Dar es Salaam, ni za miaka minne. Mwaka huo mmoja una ada yake, chumba chake, na mshahara wa mwaka mzima ambao hukuupata. Kama unataka kuwa mhandisi, lipa. Kama unafuata jina tu, baki na miaka mitatu.

Njia tano

Njia ya kwanza ni cheti hadi stashahada. Mhitimu wa kidato cha nne mwenye angalau ufaulu wa D nne, masomo ya dini yakiwekwa kando, anaanza Tuzo ya Taifa ya Ufundi ngazi ya 4, kisha ya 5, kisha ya 6 ambayo ndiyo stashahada. Jumla ni miaka mitatu. Anayesimamia ngazi hizi ni NACTVET.

Njia ya pili ni kidato cha tano na sita, kisha shahada. Miaka miwili ya shule na mitatu ya chuo kikuu. Anayesimamia udahili wa vyuo vikuu ni TCU, na sharti la chini la jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye pointi 4 kwa pamoja, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kila programu huongeza masharti yake juu ya hapo, na kwa fani hii Hisabati ndiyo huangaliwa kwanza.

Njia ya tatu inaziunganisha hizo mbili: stashahada kwanza, shahada baadaye. Miaka sita.

Njia ya nne ni Chuo Kikuu Huria, kwa aliye kazini au mwenye familia. Anasoma akiwa alipo, analipia kozi anazojisajili, na mwendo anaupanga mwenyewe.

Njia ya tano ni kozi za bure mtandaoni pamoja na vyeti vya kampuni, kama vile CCNA ya Cisco. Kwa wanaotaka kuanzia chini kabisa wapo pia VETA, wenye kituo cha TEHAMA pale Kipawa, Dar es Salaam. Ada ya VETA kwa kozi ndefu imekaa muda mrefu kwenye Sh60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni, ingawa vyeti vyake vina ngazi zake tofauti na za stashahada.

Hesabu ya mfano

Tuweke makadirio ya chuo cha umma na mwanafunzi anayeishi mjini kwa miezi kumi ya mwaka wa masomo:

Ada ya stashahada: Sh1,100,000 kwa mwaka.
Ada ya shahada: Sh1,400,000 kwa mwaka.
Chumba, chakula na nauli: Sh250,000 kwa mwezi, sawa na Sh2,500,000 kwa mwaka.
Bando: Sh30,000 kwa mwezi, sawa na Sh300,000 kwa mwaka.
Bima, kitambulisho, umoja wa wanafunzi na tozo nyingine ndogo: Sh150,000 kwa mwaka.
Laptopu: Sh600,000, mara moja tu.

Katika hizo tozo ndogo zimo za kisheria ambazo hazikwepeki. Bima ya NHIF kwa mwanafunzi imekuwa Sh50,400 kwa mwaka, na ada ya TCU ya uthibiti wa ubora Sh20,000.

Kwa makadirio hayo, stashahada ya miaka mitatu inagharimu milioni 12.75, laptopu ikiwamo. Shahada ya miaka mitatu inagharimu milioni 13.65. Ongeza kidato cha tano na sita. Serikali iliondoa ada ya madarasa hayo katika shule za umma kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, lakini nauli, sare, vifaa na michango vipo, kwa hiyo tuweke laki sita kwa mwaka. Njia ya pili inafika milioni 14.85. Njia ya tatu, stashahada kisha shahada, ni milioni 25.8 hata bila kubadilisha laptopu.

Ukiangalia haraka utasema njia ya pili imeshinda: kwa milioni mbili na kidogo juu ya bei ya stashahada unapata shahada. Lakini hesabu hiyo inamdhania mwanafunzi asiyepata mkopo, asiyeishi kwao, asiyefeli na asiyepungukiwa fedha. Mwanafunzi wa namna hiyo ni nadra. Tuvilegeze vigezo kimoja baada ya kingine.

Geto ni ghali kuliko darasa

Chukua mwanafunzi yuleyule wa stashahada, ila analala kwao. Chumba na chakula cha jioni havimo tena kwenye bajeti, zimebaki nauli na chakula cha mchana, tuseme laki moja kwa mwezi. Gharama yake ya miaka mitatu inashuka kutoka milioni 12.75 hadi milioni 8.25. Ameokoa milioni 4.5. Ada yake yote ya miaka mitatu ni milioni 3.3.

Kwa maneno mengine, uamuzi wa mahali pa kulala umezidi uzito wa ada nzima ya stashahada. Mzazi wa Mbeya anayempeleka mtoto Dar es Salaam kwa sababu ada ya huko imepungua laki mbili, ilhali Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, anaokoa senti na kutupa shilingi. Vivyo hivyo kwa Arusha yenye Chuo cha Uhasibu kinachofundisha kompyuta, na Mwanza ambako vyuo kadhaa vya Dar es Salaam vimefungua matawi. Kusafiri kuna maana iwapo chuo cha mbali kina kitu ambacho cha karibu hakina. Kama tofauti ni ada peke yake, baki karibu.

Mabweni ya chuo hupunguza makali, kwa kuwa kitanda cha chuo cha umma ni nafuu sana kuliko geto la mtaani. Ila nafasi hazitoshi, na wa mwaka wa pili na wa tatu mara nyingi huambiwa wajitafutie. Usipange bajeti ya miaka mitatu kwa bei ya bweni la mwaka wa kwanza.

Mkopo: nafuu leo, makato kesho

Hapa ndipo shahada inapoiacha stashahada mbali. Bodi ya Mikopo, HESLB, imejengwa kwa ajili ya elimu ya juu. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi huiita bumu, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Kwa siku 240 za mwaka wa masomo hiyo ni milioni 2.4. Ukipata na ada yote ya mfano wetu, unapokea milioni 3.8 kwa mwaka, milioni 11.4 kwa miaka mitatu. Mfukoni kwa mzazi, njia ya pili inashuka kutoka milioni 14.85 hadi milioni 3.45, michango ya kidato cha tano na sita ikiwamo.

Linganisha na stashahada. Mikopo ya ngazi hiyo ilianza kutolewa mwaka wa masomo 2023/2024, kwa fani zilizotajwa kuwa za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka wako kabla hujaiweka kwenye hesabu, na kama fani yako haimo, hesabu sifuri. Hivyo familia isiyo na kitu inaweza kukuta shahada ya milioni 14.85 ni nyepesi kwake kuliko stashahada ya milioni 12.75.

Lakini deni ni deni. Anayeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi liishe. Mwenye mshahara wa Sh800,000 atakatwa Sh120,000 kila mwezi, na milioni 11.4 zitamchukua miezi 95, karibu miaka minane. Nafuu ni kwamba tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyokuwa ikilikuza deni la wahitimu, ilifutwa mwaka 2021. Anayejiajiri naye anadaiwa, na katika fani hii wanaojiajiri ni wengi, wakitengeneza mifumo ya maduka, shule na zahanati.

Mambo matatu ya kuzingatia unapoomba. Moja, mkopo hutolewa kwa asilimia kulingana na uhitaji, kwa hiyo andaa bajeti ya pili itakayotumika ukipewa sehemu tu ya ada. Mbili, ada ya maombi ni Sh30,000 na nyaraka lazima zihakikiwe, hasa cheti cha kuzaliwa kupitia RITA. Anza mapema, maana foleni ya mwisho ndiyo inayowaacha watu. Tatu, mwenye ufaulu wa juu sana wa sayansi kidato cha sita aiangalie Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022/2023. Ile ni ruzuku, hairudishwi.

Bei ya kukatiza

Sasa tufike kwenye kigezo ambacho familia nyingi hukiruka kwa sababu ni kama kumtakia mtoto mabaya. Fikiria mwaka wa kwanza umeisha na mambo yameharibika. Mlipaji amefariki au amepunguzwa kazini, au kijana mwenyewe amebeba masapu, yaani mitihani ya marudio, hayakulipika, akadisko, yaani akaondolewa masomoni. Katika fani hii jambo hilo si la ajabu. Hisabati na kuandika programu za mwaka wa kwanza huwatoa jasho hata waliotoka sekondari na alama nzuri.

Aliye chuo kikuu kwa fedha za nyumbani atakuwa ametumia milioni 6.15, kidato cha tano na sita na laptopu vikiwamo. Mkononi ana cheti cha kidato cha sita na karatasi ya matokeo ya mwaka mmoja. Shahada haina nusu. Mwaka wa pili ukimkatikia, ni milioni 10.5 na karatasi mbili. Aliye na mkopo kamili ana karatasi hizohizo na deni la milioni 3.8 baada ya mwaka mmoja au milioni 7.6 baada ya miwili, na Bodi haitamsamehe kwa kuwa hakumaliza. Kuhamisha kozi alizofaulu kwenda chuo kikuu kingine kunaruhusiwa, ila chuo kinachompokea ndicho kinachoamua zipi zinafanana na zake, na aliyedisko hupokelewa kwa shida.

Aliye kwenye ngazi za ufundi atakuwa ametumia milioni 4.65 kwa mwaka wa kwanza, na akiwa amefaulu moduli zake zote pamoja na mafunzo ya vitendo, ana cheti cha ngazi ya 4. Tusidanganyane: cheti hicho peke yake hakifungui milango mingi ya ajira. Thamani yake ni kwamba hakiozi. Anaweza kufanya kazi stationeri, kwa wakala wa fedha, au kwa fundi wa kompyuta kwa mwaka au miwili, kisha akaendelea na ngazi ya 5 palepale au chuo kingine. Akifika ya 6 ana stashahada inayotambulika, na kazi za ufundi wa TEHAMA katika halmashauri, hospitali, shule na kampuni za intaneti zinaiomba.

Pia mhitimu wa stashahada anaingia sokoni miaka miwili kabla ya mwenzake aliyepitia kidato cha sita. Akipata kazi ya Sh400,000 kwa mwezi, atakuwa amepokea milioni 9.6 siku mwenzake anavaa joho. Akipata, nasisitiza. Asipopata, faida hiyo haipo, ila hasara yake nayo ilikuwa ndogo.

Kuna mtego mmoja kwenye njia hii, na wengi huugundua wakiwa wamechelewa. TCU inamtaka mhitimu wa stashahada anayekwenda shahada awe na wastani wa GPA 3.0 au zaidi. Stashahada ya GPA 2.6 ni halali kwa ajira, lakini mlango wa moja kwa moja wa shahada umejifunga, na unabaki kuzunguka kupitia programu ya Foundation ya Chuo Kikuu Huria. Kama nia yako ni njia ya tatu, ilinde GPA tangu muhula wa kwanza, kwa sababu sapu ya somo dogo usilolipenda inaweza kuja kukugharimu mwaka mzima.

Kwa anayesoma Chuo Kikuu Huria, bei ya kukatiza ni ndogo kwa sababu nyingine: analipia anachosajili, na mwaka fedha zikiyumba anapunguza kozi bila kupoteza mshahara wala chumba. Tuchukulie ada yake yote ni sawa na ya shahada ya kawaida, milioni 4.2, akaimaliza kwa miaka mitano. Pamoja na bando, tozo ndogo na laptopu, jumla ni milioni 7.05. Chakula na kodi angelipa hata asingesoma. Gharama yake kubwa ni nidhamu. Hakuna mhadhiri wa kukuita, hakuna kundi la bwenini la kukesha nalo kwenye msimbo uliogoma. Anayeanza kompyuta kutoka sifuri huumia zaidi kuliko aliyekwisha kugusa kazi.

Vyeti vya kampuni: nyongeza au mbadala?

Kozi ya CS50 ya Harvard inapatikana bure mtandaoni, freeCodeCamp ni bure, na Cisco Networking Academy ina kozi kadhaa za bure. Mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani, hivyo usipofanikiwa umezipoteza, na cheti chake hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. Mtihani wa msingi wa wingu la Amazon ni dola 100.

Kwa kampuni binafsi, hasa za intaneti na za programu, vyeti hivi pamoja na kazi unazoweza kuonyesha vina uzito. Kwa nafasi ya Serikali, mfumo wa maombi unaanza na shahada au stashahada, na CCNA haijazi kisanduku hicho. Kwa hiyo kwa Tanzania ya leo zihesabu kozi hizi kuwa nyongeza. Zina faida nyingine inayosahaulika: ni kipimo cha bei rahisi. Kabla hujalipa ada ya mwaka, jaribu wiki sita za CS50 au somo la hifadhidata. Ukiona unakesha kwa hiari, fani ni yako. Ukiona kila siku unatafuta kisingizio, umejiokolea mamilioni kwa gharama ya bando.

Vifaa: pa kubana na pa kutobana

Laptopu ya mtumba iliyotumika ofisini, za familia ya ThinkPad, Latitude au EliteBook, humfaa mwanafunzi kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Kigezo ni RAM ya GB 8 kwenda juu na diski ya SSD. Android Studio yenyewe inaomba GB 8 kama kima cha chini, na ukiweka mashine pepe ya kujifunzia Linux, GB 4 zitakuliza. Duka lolote la Kariakoo utakaloingia, iwashe, angalia betri inashika muda gani bila chaja, ifungue mfuniko kama muuzaji anaruhusu uone kama nafasi ya kuongeza RAM ipo, na dai risiti yenye muda wa dhamana.

Pa kubana ni kwenye programu. Linux, MySQL, PostgreSQL, LibreOffice na Visual Studio Code ni bure kihalali. GitHub inawapa wanafunzi kifurushi cha zana za kulipia bila malipo kwa kitambulisho cha chuo. Windows ya kukraki uliyowekewa kwa elfu kumi inaweza kuja na virusi vitakavyokula mradi wako wa mwisho wiki ya uwasilishaji.

Kabla ya kulipa

Uliza mambo haya, na ukatae jibu la "usijali".

Programu hii, si chuo tu, ina ithibati ya NACTVET au TCU kwa mwaka huu? Majibu yako kwenye tovuti na miongozo ya udahili ya taasisi hizo. Chuo kilichosajiliwa kinaweza kuwa kinatangaza kozi ambayo haijasajiliwa.

Nikiishia ngazi ya 4 au ya 5, cheti nitapewa, na kwa muda gani?

Ada inalipwa kwa awamu ngapi, na awamu ya pili ikichelewa, nazuiwa mtihani?

Maabara ina kompyuta ngapi kwa darasa la watu wangapi, na hufungwa saa ngapi? Nenda ukaione ikitumika, saa ya kipindi.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, natafutiwa na chuo au najitafutia? Kwa fani hii fildi nzuri ndiyo mara nyingi huzaa kazi ya kwanza, na isiyo nzuri hukufundisha kufunga makabrasha.

Kisha usimuulize afisa udahili, muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: darasa lenu mlianza wangapi, mmebaki wangapi?

Nani achague ipi

Mwenye kidato cha nne, ufaulu wa kawaida, na nyumbani ambako fedha hazina uhakika: njia ya kwanza, chuo cha karibu na kwenu, ukilinda GPA. Shahada itakungoja.

Mwenye uwezo wa kidato cha sita, Hisabati haimtishi, na sifa za mkopo anazo: njia ya pili. Kwa familia maskini yenye mtoto mwenye uwezo darasani, mkopo huu ndio mlango mpana uliopo. Ajue tu kwamba nusu ya shahada haina thamani, hivyo apange namna ya kumaliza kabla ya kupanga namna ya kuanza.

Mwenye kidato cha sita chenye ufaulu hafifu asirudie mwaka kwa sababu ya aibu. Somo moja la msingi na moja la ziada humwingiza moja kwa moja kwenye stashahada ya miaka miwili, na mwaka mmoja wa ada na wa chumba anaupunguza.

Aliye kazini: Chuo Kikuu Huria, pamoja na cheti kimoja cha kampuni kinachohusu kazi anayoifanya sasa.

Aliyekwama kati ya njia mbili zinazokaribiana kwa bei, basi asiangalie ipi itampeleka juu zaidi mambo yakienda sawa. Mambo yakienda sawa, zote zinafika. Aandike kwenye karatasi kila mwisho wa mwaka atakuwa ametumia kiasi gani na ameshika nini, kisha alipe ada ya ile ambayo mistari yake michache zaidi inasomeka "hakuna".